Kidonge Kisichojua Kusema Bado Kidogo

Fundi wa Nguo,
Chumba cha Mbele,
Nyumba ya Geti la Kijani.
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Msimamizi wa Duka la Simu
(ambaye pia ni shemeji yangu, lakini hilo tuliweke pembeni kwanza).

Ndugu Msimamizi,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KIDONGE CHEUSI KILICHO JUU YA KIOO CHA SIMU YANGU, AU KAMA HAKIONDOKI, KIFUNDISHWE ADABU

Kichwa cha barua kinajieleza, ila kwa kuwa kichwa changu mwenyewe hakijatulia, itabidi nieleze zaidi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo nimeitumia nyuma ya cherehani. Mtaani wananiita Fundi Vifungo, jina ambalo wageni hudhani ni la sifa. Najua unanijua, shemeji, lakini haya naandika kwa ajili ya faili. Nimeamua kuja kwako kiofisi kwa sababu kishemeji nimeshindwa. Nimekupigia mara nne hupokei, na nyumbani kwako siwezi kukanyaga, sababu unaijua: dada yako, ambaye ni mke wangu, yuko kwenye chumba chako cha wageni tangu Jumapili, na kila anayepita hapa ananiuliza mwalimu amesafiri kwenda wapi.

Kabla sijaenda mbali nikutoe wasiwasi kuhusu suti yako. Ipo, imependeza sana, imebaki vifungo tu.

Simu hii ulinipa wewe mwenyewe, kwa mkono wako wa kulia, baada ya ile ya zamani kuungua chini ya pasi. Ukaniambia shemeji, hii haitakuangusha. Kweli haijaniangusha. Imenivua nguo, mimi ninayevalisha watu.

Juu ya kioo chake kuna kidonge cheusi kimelala ubavu, kama kile unachopewa hospitali ukaambiwa umeze na maji mengi. Jambo lolote linaloendelea ndani ya simu, kidonge hukimbilia kulishika na kulitangaza. Dakika zikihesabiwa, kinaonyesha zimebaki ngapi. Sauti ikichezwa, kinacheza nayo. Kama kuna mzigo njiani, kinasema umefika wapi, na ukiongea na mtu, kinahesabu umeongea muda gani. Hata ukihamia kwenye picha au ujumbe, chenyewe kipo palepale juu, macho kodo. Ukikigusa kinatanuka na kusema yaliyosalia. Siku ile dukani ulikisifia sana. Ulisema sitahitaji tena kufungua hiki na kufunga kile, nitatupa jicho tu na kujua mambo yamefika wapi.

Hapo hapo ningekurudishia. Mimi, shemeji, maisha yangu yote yamesimama juu ya watu kutojua mambo yamefika wapi.

Kwa faida ya faili, ufundi wa nguo una nguzo tatu: uzi, pasi, na "bado kidogo". Mteja akija mara ya kwanza anaambiwa nguo iko mezani. Akija mara ya pili, iko kwenye mashine. Mara ya tatu anaambiwa imebaki vifungo tu, hata kama nguo yenyewe ni ya zipu. Mteja anaondoka na matumaini, fundi anabaki na utulivu wake, na hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa ajili hiyo. Wengine wanauita uongo. Mimi nauita ukweli ambao bado haujashonwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidonge kinapima usingizi wa watu wazima. Baada ya chakula cha mchana huwa najinyoosha kidogo juu ya robota la vitambaa. Hiyo "kidogo" imebaki kidogo kwa miaka thelathini kwa sababu hakuna aliyeipima. Wiki ya kwanza ya simu hii, nikiwa na bidii ya ugeni, niliwasha saa ya kuhesabu ili nijue kukata gauni moja kunanichukua muda gani. Nikapitiwa. Dada yako aliporudi kutoka shuleni akanikuta, nikamwambia nimejilaza dakika tano tu. Hakubisha. Alinyoosha kidole kwenye kidonge: saa mbili, dakika kumi na nne, na sekunde zinaendelea kukimbia mbele ya macho yetu wote wawili. Nikadai huo ndio muda wa kukata. Akakitazama kitambaa, hakijaguswa, na chaki bado imo ndani ya karatasi yake. Jioni ile nilikula kwa adabu sana.

2. Kidonge kinazungumza na wateja wangu bila kibali. Ninaye mteja, daktari wa meno, mama mpole asiyepandisha sauti, aliyeniletea kitambaa cha koti. Alipofika mara ya tatu nilimweleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kila kitu kiko tayari isipokuwa bitana ya ndani, ambayo niliiagiza na wachukuzi wanazembea. Ili apoe nikampa simu atazame picha za mishono. Zile picha wala hakuzitazama. Macho yake yalitua juu, kwenye kidonge, ambacho wakati huo kilikuwa kimeandika kwamba mzigo umekabidhiwa. Akakigusa. Kikatanuka na kueleza kwamba bitana, mita nne, rangi ya maziwa, imepokelewa na mimi mwenyewe asubuhi hiyo, na saini yangu ipo. Bitana yenyewe nilikuwa nimeikalia.

Daktari alichukua mkoba wake akaenda zake. Wiki iliyofuata jino likanishika, na mtaa huu daktari wa meno ni yeye tu. Alilichimba jino vizuri, akalitazama, akavua glavu. Akanieleza kwamba kazi imekwenda salama, imebaki kuziba tu, nirudi Ijumaa. Ijumaa nikarudi. Dawa ya kuzibia ilikuwa haijafika. Barua hii naiandika huku natafunia upande wa kushoto, na koti lake sijui nilimalize ili anizibe, au anizibe ndipo nimalize.

3. Hapa sasa naingia kwenye linalowahusu ninyi kiukoo, kwa hiyo kaa vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka dada yako aliniletea kitambaa cha zambarau iliyokolea na akaniomba gauni. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, ila hawakutuambia habari za mke wa kinyozi. Miezi kumi na moja gauni lilikuwa mezani, kwenye mashine, na limebaki vifungo tu, kwa zamu. Alikuwa ananicheka, anavaa la zamani, anakwenda kazini. Kisha mwezi uliopita akateuliwa kuwa mwalimu mkuu, baada ya miaka ishirini na miwili ya chaki. Jumamosi hii anatambulishwa mbele ya wazazi na walimu wote. Akaniambia anataka kuvaa lile la zambarau, si lingine. Aliniambia taratibu, ameshika kitasa cha mlango, na sijawahi kumsikia akiniomba kitu kwa sauti ile.

Basi nikajipanga. Lakini unamjua dada yako. Ana sikio la kiualimu, lile la kulisikiliza darasa kutoka ofisini: kelele zikikoma anajua kuna jambo. Kila alasiri akawa anakaa chumba cha nyuma anasahihisha madaftari, sikio liko kwenye cherehani. Ikinyamaza tu, anauliza kulikoni. Sasa mtu utapumzika saa ngapi? Nikapata wazo ambalo kwa wakati ule niliona ni la kipaji. Nikairekodi cherehani ikifanya kazi dakika nne, nikaiweka kwenye simu irudie yenyewe.

Rekodi ya kwanza iliharibika kwa sababu nilikohoa katikati. Siku ya pili akaniuliza kutoka chumba cha nyuma mbona nakohoa kila baada ya dakika nne, au aniletee maji ya moto. Nikarekodi upya, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, nikaipa jina ili nisizichanganye. Niliiita "Cherehani bila kikohozi".

Siku tisa, shemeji, mashine ilipiga kazi! Mimi nimelala, au niko mlangoni nacheza drafti na jirani, na ndani cherehani inaunguruma. Dada yako akawaambia walimu wenzake jinsi mumewe anavyojituma. Nadhani hata wewe alikuambia. Chai akawa ananitilia sukari ya kijiko cha tatu.

Siku ya kumi akaingia na hiyo chai. Akanikuta chali, mdomo wazi, cherehani imefunikwa kwa kitambaa chake, na mlio wa kushona unatoka kifuani kwangu. Simu ilikuwa hapo kifuani. Kwenye kidonge kulikuwa na vijistari vinapanda na kushuka, vinacheza kwa furaha kama vimeajiriwa. Akavigusa. Kidonge kikatanuka na kumwonyesha jina. Ningemjibu nini mtu aliyesoma jina lile?

Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye robota, akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Nikajua nimesamehewa. Ndipo akauliza kwenye gauni kumebaki nini, na mdomo wangu, ambao haunisubiri, ukamjibu vifungo tu. Gauni lilikuwa na mkono mmoja.

4. Mtu mwenye akili timamu angeshona mkono wa pili. Mimi nilishona nguo ya simu.

Nilikaa nikapiga hesabu zangu kama ifuatavyo. Kabla ya kidonge nililala kwa amani, daktari aliniheshimu, mke wangu aliamini. Baada ya kidonge, yote hayo hakuna. Kwa hiyo adui ni kidonge. Nikakata kitambaa kigumu, nikaishonea simu koti lenye kofia inayokunjwa juu ya kioo na kukifunika kidonge kabisa, na kofia ile nikaifunga kwa vifungo vitatu. Saa nzima haikuisha. Pindo limenyooka, matundu ya vifungo yamebana, fundi yeyote angeona angenipa mkono. Na ilikuwa tayari siku ileile niliyosema itakuwa tayari, jambo ambalo halijawahi kutokea chumba hiki tangu kipakwe rangi.

Vifungo nilivitoa kwenye kopo la biskuti lililo rafuni. Vilikuwemo kumi na viwili, vya kijivu, vina mshipa wa bluu ndani.

Shemeji, najua umeshaacha kucheka. Wewe unavijua vifungo vile.

Mimi pia nilikuwa navijua, na hilo ndilo linalonitafuna. Dada yako alinikabidhi siku ileile ya kitambaa, akanieleza kwamba vilikuwa kwenye koti la marehemu mama yenu, lile alilovaa siku anampeleka yeye chuo cha ualimu, na kwamba koti lilipochakaa mama alivikata mwenyewe akavihifadhi. Nakumbuka alinieleza yote hayo. Nilikuwa nasikiliza mpira redioni na nikamwitikia vizuri tu.

Jumapili asubuhi aliinyanyua simu atazame saa. Akaiona kofia. Akaigeuza, akavigusa vile vifungo kimoja kimoja, na mimi nikawa nasubiri acheke. Hakucheka. Alisema uongo wangu ameshauzoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani, unabweka na yeye analala. Ila hakujua kumbe ndani yangu mna saa nzima ya kazi safi, na saa hiyo nimeipa simu. Akaingia chumbani. Akatoka na begi.

Sasa nakuuliza kiofisi, nani wa kulaumiwa? Kidonge kisingekuwepo, nisingekifunika. Nisingekifunika, nisingehitaji vifungo. Nisingehitaji vifungo, nisingefungua kopo. Dada yako angekuwa hapa sasa hivi, anavaa gauni la zamani, anaamini.

5. Tena usidhani nalilia nafsi yangu tu, maana mambo haya yana hatari kwa jamii nzima. Mkabala na mimi yuko seremala ambaye kitanda cha bwana harusi kinakauka rangi kwake tangu harusi, na bwana harusi sasa ana watoto wawili. Yuko fundi wa magari anayesubiri kipuri kimoja tangu msimu wa mvua. Kuna ofisi, sitaitaja, ambako kila faili duniani liko mezani kwa mkubwa. Hawa wote wakiwekewa kidonge, nani atabaki salama? Watu watalazimika kuanza kazi siku wanayosema wameanza. Urafiki utavunjika, ndoa zitatikisika, na mafundi tutakufa na presha. Na hata wewe, Ndugu Msimamizi, ukumbuke ile chaja uliyoniambia inakuja na mzigo ujao. Nisiendelee, sisi ni ndugu.

6. Hili la sita nilitaka kuliacha.

Juzi Jumanne nilimpigia dada yako. Niliilaza simu mezani, karibu na cherehani, nikaweka sauti ya nje. Akapokea, na kidonge kikaanza kuhesabu. Nikamwambia nyumba iko shwari, nakula vizuri, na gauni linakwenda. Hakuuliza limebaki nini. Aliuliza swali moja tu, uzi ulio kwenye mashine sasa hivi ni wa rangi gani. Nikatazama. Ulikuwa mweupe, wa koti la daktari, na wenyewe una wiki tatu hapo. Nikakaa kimya. Akakata simu.

Sekunde arobaini na moja. Kidonge kilizionyesha, halafu kikajikunja, kikarudi kuwa kidogo kama kawaida yake. Miaka ishirini na sita ya ndoa, shemeji, sijawahi kuongea na mke wangu sekunde arobaini na moja tu. Zamani ningejiambia tumeongea kidogo, nikaendelea na mambo yangu. Sasa najua ni kidogo kiasi gani. Nyumba hii ina vyumba vitatu na nashindwa kukaa hata kimoja. Cherehani nikiikanyaga mwenyewe, ule mlio naona aibu kuusikia. Naogopa, shemeji. Naogopa Jumamosi itafika asimame mbele ya wazazi wote wale na gauni lake la zamani, na jioni yake arudi kwako.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Kidonge kiondolewe. Pengo litakalobaki nitalitia kiraka mwenyewe, vitambaa ninavyo.

(b) Kama hakiondoki, kifundishwe lugha ya kiutu. Kikiulizwa mambo yamefika wapi, kijibu "bado kidogo", au "pitia kesho mchana", na hali ikiwa mbaya sana kiseme imebaki vifungo tu.

(c) Kama hakifundishiki, naomba barua yenye mhuri wa duka lako inayothibitisha kwamba simu niliyopewa ina kasoro ya kiwandani, kwamba saa zake, vijistari vyake na maandishi yake yote si ya kuaminika, na kwamba kwa vyovyote vile sikuwa nimelala. Barua hiyo umkabidhi dada yako. Mhuri anauheshimu.

(d) Kama (c) itakuwia vigumu kwa sababu za dhamira, basi basi, umwambie tu kwamba vile vifungo vitatu viko salama. Sijavipoteza.

Simu nitaiambatanisha na barua hii, ikiwa ndani ya koti lake. Nisingependa kusubiri sana. Najua mafundi simu mlivyo na maneno yenu.

Msalimie mkeo, mwambie najua chumba cha wageni si hoteli, na sijasahau. Wasalimie watoto, hasa yule mkubwa, kaptura yake ya shule ipo mezani. Msalimie baba mkwe, umwambie ubao wetu wa drafti uko vilevile alivyouacha, kete moja tu ndiyo ilisogea, nadhani ni upepo. Mlinzi wa duka lako naye msalimie, suruali yake imebaki pindo. Na dada yako umpe salamu zangu ukiona yuko vizuri. Ukiona hayuko vizuri, zishike wewe kwanza.

Ni mimi, mwenye malalamiko na pia mwenye kulalamikiwa,

Shemeji yako,
Fundi Vifungo.

NYONGEZA, Ijumaa, saa kumi jioni:

Barua hii ilikuwa ikufikie jana. Nilipomaliza kuandika lile la sita sikuweza kuifunga bahasha. Nikachukua wembe, nikavikata vile vifungo vitatu kwenye kofia, taratibu, uzi baada ya uzi, nikavirudisha koponi kwa wenzao tisa. Koti la simu nikalitupa. Kidonge kikabaki wazi kinanitazama.

Nikautoa uzi mweupe, nikatia wa zambarau. Halafu nikafanya jambo ambalo bado nalionea haya. Nilikiwekea dakika arobaini, nikakiambia kwa mdomo wangu kabisa, mtu mzima naongea na simu, kwamba sinyanyuki hapa mpaka ziishe. Kikaanza kuzihesabu. Kila nilipotamani robota nilikitupia jicho. Hakikunigombeza wala hakikunibembeleza. Kilisema zimebaki ishirini na mbili, basi. Ikawa vigumu sana kusimama mbele ya kitu kinachojua. Mkono wa pili uliisha dakika ya thelathini na saba. Jana hiyohiyo nikamaliza kola na pindo, kila kimoja kwa dakika zake, na leo mchana nimevishona vifungo vya mama yenu vyote kumi na viwili, kwa mkono, kimoja kimoja.

Saa tisa nikampigia. Bila rekodi. Akauliza tena rangi ya uzi ulio kwenye mashine. Nikamwambia mashine haina uzi, nimeshautoa, hakuna kilichobaki. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nakitazama kidonge kinahesabu ule ukimya, nikaona kinapita arobaini, kinapita arobaini na moja, kinakwenda. Zilipofika dakika mbili na kitu akasema nimwitie gari, ana begi zito, ila ataamini akishalivaa.

Gari nimeliita kwa simu hii. Kwa hiyo (a) futa. (b) futa. Ile ya mhuri ichane kabisa asije akaiona. Usimtume mtu kuja kuchukua simu, sitampa. Ukirudi nyumbani utakuta chumba cha wageni kitupu, usishtuke. Kidonge kinasema ameshapanda, dakika kumi na tisa.

Kumi na moja. Nimefagia vipande vya kitambaa, nimeweka chai jikoni. Gauni nimelitundika hapa mlangoni, akiingia tu analiona.

Tano. Shemeji, pindo nimelipiga pasi tena, na lilikuwa limenyooka tayari.

Mbili.

Kimeandika amefika. Nasikia geti. Naenda kufungua, na kwa kuwa kuanzia leo nimeapa kusema kweli, nikuambie kabisa kabla sijabadili mawazo: kile kitambaa cha suti yako sijakikata.